Usizibandue Jumamosi

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Mama hajambo? Na nyumbani kote? Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila masika yametushika, nguo hazikauki, mengine tutazungumza. Sauti uliyonitumia nimeisikia: Jumamosi nduguzo wanakuja, paa linaezuliwa, na albamu ya mama mnataka kuibandua mgawane picha. Tafadhali, usizibandue. Hata moja. Barua nampa shemegi anayepanda boti kesho, maana kwenye simu utanisikiliza nusu halafu utaitikia "haya haya".

Albamu ile ni ya kurasa za gundi zenye plastiki juu. Gundi ya namna hiyo kadiri miaka inavyokwenda inang'ang'ania pahala na kuachia pahala. Picha nayo usoni ina utando wa jeletini unaokunywa unyevu, na mwezi huu hewa yote ni maji. Ukivuta ncha, karatasi inajikunja, utando unapasuka, na ufa ule hautoki tena. Kuna wanaosema tia kwenye friza gundi igande. Inafanya kazi, lakini kwa hewa yetu mfuko ukiufungua kabla baridi yake haijaisha picha inatoka jasho, na umeme ukikatika katikati ndiyo basi. Ngojeni kipupwe.

Jumamosi fanyeni hivi tu. Kila ukurasa upigwe picha mzima kama ulivyo, kwa sababu mama alizipanga kwa maana yake: nani kawekwa karibu na nani, ipi imetangulia. Mkishabandua, mpango ule hamuupati tena. Mlangoni, kwenye kivuli, mwanga wa mchana, bila fleshi, simu iwe sambamba na ukurasa isiinamie upande. Plastiki ikimetameta, mtu asimame na kitambaa cheusi upande unaotoka mng'aro. Kisha kila picha ipewe namba: A03-05, yaani albamu A, ukurasa wa tatu, picha ya tano. Namba hiyo hiyo ndiyo iwe jina la faili.

Halafu skana. Si ile ya duka la steshenari inayovuta karatasi kwa magurudumu, hiyo itaitafuna. Ile ya kioo, ukurasa unalazwa. Nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha za kawaida, ukitaka kuichapa mara mbili ya ukubwa wake bado inatoka safi. Za paspoti na zile ndogondogo weka 1200. Asili hifadhi kwa TIFF, faili isiyopoteza ubora, za kutumiana ndiyo JPEG. Na ukinitumia kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, usitume kama picha, maana inaziminya.

Na hapo ndipo ninapotaka kukukamata kwa ile picha ya gatini. Kaka yako anashikilia kwamba mtoto aliyebebwa begani ni yeye, na kwamba ilikuwa jioni ya Iddi ndogo. Sasa tazama. Hapo kwenu Wete, Pemba, bahari iko magharibi, kisiwa cha Fundo kiko mbele yako. Vivuli vya wale watoto vimelala kuelekea majini, basi jua liko mashariki: asubuhi. Maji nayo yamekupwa hadi mashua zimelala ubavu, hilo ni bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Iddi ndogo mwezi mwandamo, bamvua kweli, lakini siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na alasiri huwa yamejaa tele. Kwa hiyo jioni tuifute, tubaki na Iddi kwanza.

Halafu bendera ile juu ya jengo. Ikiwa ni nyeusi tupu, ile ni nyekundu ya Sultani, kwani kwenye picha zisizo za rangi wekundu mara nyingi hutoka mweusi au wa giza, na hapo ni kabla ya Disemba 1963. Ikiwa ina duara katikati na karafuu mbili ndani yake, ni kati ya tarehe 10 Disemba 1963 na 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili tatu, na hapo Iddi yenyewe haipo, maana zilikuwa Rajabu na Shaabani. Ikiwa ina milia, ya kulala au ya mshazari, ni baada ya Mapinduzi. Kaka yako kazaliwa Mfungo Mosi, Mapinduzi yameshapita. Kwa hiyo bila ya milia, alibebwa kabla hajazaliwa! Lakini nakala uliyonitumia nikiikuza sioni kama lile ni duara au ni doa la koga. Hiyo skani kwa 1200, wewe mwenyewe, usimwachie yeye.

Muhuri wa nyuma usiwababaishe. Capital Art Studio ya Unguja, ile ya Oza, ilifunguliwa 1930 na ilisafishia watu wengi picha zao; muhuri unasema picha ilisafishwa wapi, hausemi ilipigwa wapi.

Majina ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko gundi. Mama msimuulize "huyu nani?", atasema hajui, mtafunga. Muulizeni baraza hii ya nani, mkeka huu ulisukwa wapi, siku hii mlipika nini. Jina litakuja lenyewe. Rikodi sauti, na mtaje namba ya picha kabla ya kila swali, la sivyo mtakuwa na saa nzima ya "huyu na yule". Andikeni kushoto kwenda kulia kwa anayetazama. Na Khamis Juma peke yake si jina huko kwenu, utapata Khamis Juma kila mtaa: andikeni majina matatu, lakabu, mtaa, na ni nani kwa nani. Nyuma ya picha ni penseli laini tu, imelazwa kwenye kioo, usikandamize. Biro inachapa upande wa pili na wino unavuja. Zile za rangi zenye mgongo wa plastiki penseli haishiki, basi andika kwenye bahasha yake.

Za harusini, wanawake vichwa wazi, zitengwe tangu mwanzo kwenye faili lao, zisiingie kundi la ukoo. Wengine wao wahai, na wengine watoto wao watakasirika, na ni haki yao.

Kipupwe kikifika, nitakuja tubandue wote. Uzi wa meno, ule usio na nta, au mshipi mwembamba wa nailoni: unaingia kwenye kona iliyokwisha kuachia, unasugua kulia kushoto polepole, picha inabaki imenyooka, ukurasa ndio unaokunjwa. Ikikataa, tunakata kadi kuizunguka na kuiacha na mgongo wake. Zikitoka zilazwe uso juu kwenye karatasi ya kuokea, zisirundikwe. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu haitolewi kabisa, inaskaniwa na kioo chake. Zilizogeuka nyekundu ni rangi ya buluu iliyokufa gizani, hizo kwenye kompyuta zinarudi kiasi. Na usitie karafuu humo sandukuni, kwenye nguo sawa, kwenye picha mafuta yake yanaacha doa.

Kugawana nakala, gawaneni hata leo. Asili zikae pahala pamoja. Wakikataa, sema mimi ndiye niliyesema, wataninunia mimi.

Sasa nambie: negatifu ziko wapi, kwenye kasha la mti au alizichukua mkubwa wenu? Ukifungua bahasha ukasikia harufu ya siki, zitenge na nyingine siku hiyo hiyo, zinaambukizana. Ile albamu ya jalada jekundu nani kabaki nayo? Mama macho yake vipi, anaona simu, au nimletee kioo cha kukuzia? Duka la karibu na soko bado lina skana ya kioo? Paa mnaezua chumba chake nacho, na sanduku mtalihamishia kwa nani, maana kwenye sakafu ya saruji lisiwekwe, linanyonya unyevu? Bi mkubwa wa Kipangani yupo, na anaongea na mama siku hizi, au bado lile la mahari?

Nijibu kwa sauti, usiandike. Mwandiko wako unausoma mwenyewe.

Wasalaam,
Shogayo