Koti la mvua halishonwi, hubandikwa

Mhariri,

Mvua ikianza kunyesha Nairobi, mafundi wa cherehani hupata wateja wapya: wahudumu wa bodaboda, waosha magari, vibarua wa mitaro ya maji taka, kila mmoja na koti au suruali ya mvua iliyoraruka. Fundi hupitisha mishono miwili, hulipwa, na mwenye nguo huenda zake. Kesho yake anatota palepale. Kilichomponza ni sindano.

Nguo hizi nzito ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC, aina ya plastiki. Kitambaa ndicho chenye nguvu, PVC ndiyo inayozuia maji. Kila tundu la sindano hupenya PVC hiyo, na matundu yakifuatana karibu karibu nguo hukatika kwenye mstari huohuo kama stempu. Uzi wa pamba ndio balaa zaidi, kwa sababu hunyonya maji ukayapitisha ndani, kisha ukaoza.

Dawa ni kiraka na gundi, ila gundi yenyewe ndipo wengi hupotea. Supaglu hukauka ikawa kama kioo, na nguo ikikunjwa mara chache hupasuka. Solusheni ya pancha ni ya mpira. Ibandikie gambuti za mpira, si PVC. Gundi ya manjano ya mafundi viatu ndiyo laghai kuliko zote, maana siku ya kwanza hushika barabara. PVC ya nguo huchanganywa na vilainishi kiwandani, na vilainishi hivyo huhama polepole hadi kwenye gundi na kuilegeza. Baada ya muda kiraka hubanduka kizima, gundi ikivutika kama chingamu. Hata ile ya mabomba ya maji, ijapokuwa kopo lake limeandikwa PVC, ni ya plastiki ngumu: hula PVC laini, kisha hukauka ikakakamaa. Itakiwayo ni gundi ya PVC laini, ile ya kubandikia maturubai na boti za kujaza hewa, au gundi ya poliurethani.

Kiraka kizuri hakina gharama kubwa. Wanaoshona maturubai ya malori hubaki na vipande vya kutupa vya nyenzo ileile. Chagua chembamba, kwa sababu kikiwa kizito kuliko nguo, kingo zake huinuka. Kikate kizidi mraruko kwa sentimita 3 kila upande, na pembe zake uziviringe kwa kufuatisha kizibo cha soda. Kiraka chenye pembe kali huanza kubanduka penye pembe.

Osha sehemu hiyo kwa sabuni, kausha kabisa, kata nyuzi zinazoning’inia. Sugua kwa msasa laini mpaka mng’aro uishe, lakini nyuzi za kitambaa zisionekane. Futa kwa spiriti. Mafuta ya taa huacha utando, thina huyeyusha PVC, achana navyo. Kabla ya kupaka gundi, ingiza kitu kati ya mbele na nyuma ya nguo, la sivyo mkono wa koti utajifunga wenyewe. Gazeti halifai (utaniwia radhi, Mhariri), hunata. Pakiti ya maziwa iliyopasuliwa na kuoshwa hainati kirahisi.

Paka tabaka jembamba pande zote mbili, subiri kama dakika 10, paka la pili, kisha usubiri tena hadi gundi isishike kwenye kidole ukiigusa. Kopo likitaja muda mwingine, fuata kopo. Wanaobandika gundi ikiwa bado mbichi hufungia mvuke ndani, na kiraka huota malengelenge. Kutanisha kingo za mraruko bila kuzipandanisha, laza kiraka, kisha kandamiza kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje. Acha saa 24. Asubuhi za ukungu za Julai usifanye kazi hii nje: gundi inapokauka hupoa na kuvuta unyevu, ikafanya weupe juu, na weupe huo haushiki chochote. Lakini pia usijifungie chumbani, wala jiko lisiwe karibu. Mvuke wake hulevya na hushika moto.

Suruali hupasuka zaidi kati ya miguu, na hapo kiraka kimoja hakitoshi. Weka cha ndani kwanza. Upande wa ndani ni kitambaa kitupu kinachokunywa gundi, basi kipe tabaka tatu. Tundu la kuungua kwa ekzosi ya pikipiki ni habari nyingine: kata kwanza ule ukingo uliokauka, kwa sababu gundi itaushika nao utavunjika. Ukimaliza, geuza mguu wa suruali, mimina maji penye kiraka, ushike kwa dakika 5. Tone likitokea, utaliona.

Nguo ya kujikinga na asidi au dawa za kunyunyizia mimea isitiwe kiraka. Hiyo ibadilishwe.

Kwa waajiri: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, inawataka watoe na pia watunze nguo za kinga za wanaofanya kazi kwenye maji. Kutunza huko si kumpa kibarua pesa za fundi wa cherehani. Bohari iwe na kopo la gundi, spiriti, brashi na kipande cha turubai. Na iwe na suti moja ya akiba kwa kila genge la kazi, kwa sababu viraka vingi vinavyobanduka ni vile vilivyovaliwa jioni ileile.

Fundi wa maturubai,
Nairobi