Wauza mashine za gemu wamweleze mnunuzi gharama za mtandao kabla hajalipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wazazi wengi hapa Mwanza hulifahamu wakiwa wameshalipa fedha dukani, nalo ni masharti ya huduma za mtandaoni zinazoambatana na mashine za gemu kama PlayStation na Xbox.

Sina ugomvi na huduma zenyewe. Tangu Microsoft ilipoanzisha Xbox Live, huduma ya kuchezea mtandaoni kwenye Xbox, mwaka 2002, si lazima tena wanaoshindana wakae benchi moja. Mwanangu mkubwa anafanya kazi Muscat na mdogo wake yuko nami hapa Nyamanoro, lakini Ijumaa usiku hukutana katika mechi ya mpira, wakitaniana kwa Kisukuma kupitia hedifoni, na mama yao hujipitisha nyuma ya kochi makusudi ili apate kumsalimia aliye mbali. Isitoshe, hatua alizofikia mchezaji huweza kuhifadhiwa kwenye seva za kampuni, hivyo umeme ukirudi kwa kishindo na kuunguza mashine, jasho la miezi kadhaa halipotei.

Tatizo ni kwamba hifadhi hiyo, kwa upande wa PlayStation, hutolewa kwa mwenye kulipia uanachama uitwao PlayStation Plus, na tangu PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013, ada hiyohiyo ndiyo inayofungua mlango wa kucheza na wenzako mtandaoni, isipokuwa kwa gemu za bure kama Fortnite. Mwaka 2023 daraja la chini kabisa lilipandishwa kutoka dola 59.99 hadi 79.99 kwa mwaka kwa bei ya Marekani, yaani takribani shilingi laki mbili. Ni sawa na mvuvi aliyekwisha kununua mtumbwi kutakiwa alipie ruhusa ya kushika kasia kila mwaka. Hata zile gemu za kila mwezi zinazotolewa kama takrima kwa wanachama hufungwa ada inapokwisha, hadi mtu alipe tena.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya PlayStation Network, yaani mtandao wa PlayStation wa kununulia gemu na kucheza na wengine. Vijana wetu hujiandikisha kama wakazi wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, kisha hutafuta vocha za nchi hiyohiyo kwa watu wanaoziuza mitandaoni kwa bei wanayojipangia. Akaunti iliyofunguliwa kwa anwani isiyo ya kweli inakiuka masharti, kwa hiyo siku ikifungiwa hakuna pa kulalamika, na gemu zote zilizonunuliwa humo huenda nayo. Wasomaji wanaofuatilia watakumbuka Mei 2024, Sony, wenye PlayStation, walipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo: walioishi katika nchi zisizo kwenye orodha walipaza sauti pamoja na wengine, na agizo likaondolewa. Orodha yenyewe, hata hivyo, haikutuongeza sisi.

Kuhusu bando sina haja ya kusema mengi, maana gemu moja kubwa hupita gigabaiti 100, na mwenye diski mkononi naye hudaiwa masasisho. Hata bando likiwepo, seva nyingi ziko Ulaya au Afrika Kusini, na mwezi huohuo wa Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika, tuliona jinsi intaneti ya nchi nzima inavyoweza kuyumba. Mtoto anabonyeza kitufe, amri inachelewa kufika huko mbali, na kipa anaruka mpira ukiwa umeshatikisa nyavu. Kwenye mabanda ya gemu ya mitaani, ambako pedi zimesugulika hadi alama za vitufe zimefutika, karaha hiyo haipo, kwa kuwa wachezaji wote wawili wako mbele ya runinga moja.

Halafu kuna suala la umiliki. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake ya The Crew, na tangu hapo hata aliyenunua diski yake dukani hawezi kuicheza. Mashine kama Xbox Series S haina kabisa mahali pa kuingizia diski, na sijawahi kumsikia muuzaji akilitaja hilo kabla hajaulizwa.

Napendekeza kila duka libandike kwenye boksi karatasi ya Kiswahili inayoeleza kama mashine inapokea diski, ni gemu zipi zinahitaji ada, na akaunti itafunguliwa kwa nchi gani. Tume ya Ushindani, ambayo ina jukumu la kumlinda mlaji, inaweza kuanza kwa kuwaelekeza waagizaji wakubwa. Mzazi ambaye hana intaneti ya uhakika nyumbani, mimi ningemshauri achukue mashine yenye sehemu ya diski pamoja na pedi mbili, na suala la ada aliache hadi mtoto atakapopata mtu wa kucheza naye huko mbali.

Wasalaam,
Mzazi wa Nyamanoro, Mwanza