Ile nyeusi kwenye jezi

Samsun, Uturuki
2 Novemba 2025

Mpendwa shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, alhamdulillah, ila baridi imeshaanza kuuma, na mvua ya Bahari Nyeusi haijui masika wala vuli, inanyesha inapojisikia. Natumai Baba anaendelea vizuri na goti lake, na wale wasichana wako wa timu ya shule hawajakuchosha.

Barua hii utaikuta imekunjwa ndani ya jezi. Isome kwanza, jezi baadaye. Ulipoiona kwenye picha uliniuliza: kama timu hii ya hapa, Samsunspor, zamani ilikuwa nyekundu na nyeupe, kama Simba yako, hiyo nyeusi imetoka wapi? Nilikujibu juu juu kwa sababu nilikuwa nawahi maktaba. Tangu siku ile roho haijatulia, maana nilikupa jibu la kumtoa mtu njiani. Leo nakaa chini nikuandikie vizuri.

Kwanza ujue mji wenyewe. Hapa kila kitu kina tarehe moja, 19 Mei. Siku hiyo mwaka 1919 Mustafa Kemal Atatürk alishuka bandarini hapa na meli iitwayo Bandırma, na Waturuki wanahesabu vita vyao vya ukombozi kuanzia hapo. Chuo ninachosoma kina jina la tarehe hiyo, na uwanja wa mpira pia. Ukikunjua jezi, tazama nembo kifuani: yule mtu juu ya farasi aliyenyanyua miguu ya mbele ni Atatürk, ni sanamu iliyopo katikati ya mji tangu miaka ya 1930. Mimi hupita pale nikienda sokoni.

Samsunspor ilizaliwa mwaka 1965. Miaka ile shirikisho la mpira lilikuwa limeanzisha ligi daraja la pili na likaitaka miji ya mikoani iunganishe vitimu vyake, ili kila mji uwe na timu moja yenye nguvu. Hapa ziliunganishwa timu tano. Hebu fikiria Tanga mjini timu tano za mitaa ziambiwe kuanzia kesho mna jina moja na rangi moja! Lakini walikubaliana, na 1969 wakapanda daraja la kwanza.

Sasa, shoga, usione ajabu kwamba hujawahi kuisikia. Wewe unazijua timu za wachezaji wetu tu, Fenerbahçe kwa ajili ya Samatta, na Göztepe kwa ajili ya Novatus. Mpira wa Uturuki umekaa Istanbul. Tangu ligi ya taifa ianze mwaka 1959, nje ya Istanbul ni timu mbili tu zilizowahi kuchukua ubingwa, Trabzonspor na Bursaspor. Timu nyingine zote za mikoani zinalea watoto, wakishaiva wanachukuliwa. Hilo tunalijua kwetu pia, mtoto aking'ara Mkwakwani, msimu ujao unamwona Dar.

Hata hivyo kulikuwa na wakati Samsun ilikaribia. Kijana wa hapahapa, Tanju Çolak, alifunga mabao 33 msimu wa 1985/86 akawa mfungaji bora wa nchi nzima, na msimu uliofuata akafunga 25 akawa mfungaji bora tena. Misimu yote miwili timu ilimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Beşiktaş na Galatasaray za Istanbul. Kisha ikawa kama nilivyokwambia, Galatasaray wakamchukua, na msimu wake wa kwanza kule akafunga 39 akapata Kiatu cha Dhahabu, tuzo ya mfungaji bora wa Ulaya. Mzee anayeuza chai karibu na kituo chetu cha tramu huyahesabu mabao yale 39 kuwa ya Samsun, na ukimbishia anakuongezea glasi nyingine ya chai ili ukae umsikilize vizuri. Hata bila Tanju timu haikuanguka. Mwaka 1988 ilifika fainali ya Kombe la Uturuki, ikafungwa na Sakaryaspor.

Miezi michache baadaye ndipo ikatokea ile nyeusi.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 20 Januari 1989. Timu ilikuwa safarini kwenda Malatya, mchezo wa ugenini. Walikwenda kwa basi, kama timu zote za mikoani za wakati ule. Walipofika karibu na Havza, mji mdogo ulio kama kilomita 80 kutoka hapa, basi likagongana na lori. Kocha Nuri Asan akafariki. Wachezaji Muzaffer Badalıoğlu na Mete Adanır wakafariki. Dereva wa basi, Asım Özkan, akafariki. Zoran Tomić, mchezaji kutoka Yugoslavia, alikaa miezi bila fahamu, naye akafariki mwaka huohuo. Nahodha Emin Kar alinusurika, lakini alipooza na hakucheza tena. Wengine waliumia vibaya, na wapo ambao mpira wao uliishia pale barabarani.

Ilikuwa timu nzima, Zuhura. Hapakubaki watu wa kuingia uwanjani. Msimu ulikuwa katikati, na michezo iliyobaki Samsunspor haikuicheza. Wapinzani walipewa ushindi wa mezani, na shirikisho likaamua kwamba mwisho wa msimu timu hii isishushwe daraja. Mwaka uliofuata walirudi na waliokuwepo, na wakashuka kwa miguu yao wenyewe. Nimeliwaza sana hilo. Huruma ya watu inaweza kukubeba msimu mmoja, ule wa pili unautembea mwenyewe.

Na rangi zikabadilika. Timu ilikuwa nyekundu na nyeupe, ikaongezwa nyeusi kwa ajili ya waliokufa. Kwa kawaida watu huvaa nyeusi siku arobaini au mwaka, kisha wanaivua. Hawa hawakuivua. Ni miaka 36 sasa. Watoto wanaozaliwa leo wanavishwa kofia na soksi za rangi tatu, na nyeusi imo, wakiwa hata hawajajifunza kusema.

Mama mwenye nyumba wangu ndiye aliyenionyesha. Siku niliponunua jezi yangu ya kwanza aliichukua, akailaza juu ya meza ya jikoni, akaipitishia kiganja kama unavyonyoosha kanga kabla ya kuikunja. Kidole chake kikatua penye nyeusi kikabaki hapo. Akaanza kutaja majina. Alitaja la kocha, akataja la wachezaji watatu, na la tano akalitaja Asım. Nikamuuliza huyo alicheza namba gani. Akaniambia huyo ndiye aliyekuwa anaendesha basi.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, na ndiyo sababu hasa ya barua hii kuwa ndefu.

Nimekuwa naenda kwenu tangu darasa la tatu. Namkumbuka Baba anavyorudi na basi la Dar usiku, macho mekundu, anakaa kibarazani bila kuvua viatu mpaka Mama amletee maji. Nakumbuka pia ajali ile iliyotokea njia yake ilhali yeye siku hiyo alikuwa zamu ya mapumziko. Redioni walitaja idadi ya abiria waliokufa, halafu wakasema "na dereva", basi. Hawakumtaja jina. Baba alikuwa amekaa na redio mapajani, akalitaja yeye jina la yule dereva, rafiki yake, kwa sauti, kama anawasahihisha. Wewe ulikuwa jikoni. Mimi nilikuwa mlangoni nikamwona.

Hapa kila tarehe 20 Januari watu hukusanyika kuwakumbuka, na majina yanayosomwa ni matano. Dereva husomwa pamoja na kocha na wachezaji. Najua madereva wengi duniani hufa wakitafutiwa kosa kabla hata hawajazikwa. Mji huu ulimfunika Asım Özkan na bendera ileile ya timu. Sijaona kitu cha heshima zaidi ya hicho katika mpira, na nimetazama mpira maisha yangu yote.

Majina ya wenzake nayo yamewekwa mahali pa kazi, hayakuachwa kaburini. Kambi ya mazoezi ya Samsunspor inaitwa kwa jina la Nuri Asan, kwa hiyo kila asubuhi mchezaji akiulizwa anakwenda wapi, anataja jina la kocha wa 1989. Mete Adanır alikuwa mtoto wa Kupro, na huko Girne kuna uwanja wenye jina lake.

Mwaka jana nilikwenda Ankara kwa basi la usiku. Barabara inapita Havza. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, tulikuwa hatujaongea zaidi ya salamu. Tulipokaribia, sikujua kama tumekaribia, nje palikuwa giza tupu, yeye akafuta ukungu wa dirishani kwa mkono wa koti, akafungua viganja, akasoma Fatiha. Nikasoma naye. Alipomaliza akapangusa uso, akanitazama kwa mshangao kidogo, labda hakutegemea msichana Mwafrika ajue anamwombea nani. Akatoa simit mfukoni, ule mkate wa duara wenye ufuta, akaukata katikati akanipa nusu. Hatukusema neno mpaka Ankara.

Nikawawaza na Wazambia. Unakumbuka kaka yako mkubwa alivyokuwa akituhadithia ile ndege ya 1993, iliyoanguka baharini Gabon ikiwa na timu ya taifa inayokwenda Dakar? Walikufa wachezaji kumi na wanane. Sisi tulikuwa hatujapata akili, lakini alivyokuwa anaisimulia unadhani aliwajua mmoja mmoja. Zambia walirudi wakafika fainali ya Afrika mwaka uliofuata, na 2012 wakachukua kombe hukohuko Gabon. Samsun haikupata mwisho wa namna hiyo. Ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Mwaka 1994 ilichukua Kombe la Balkani, ikafurahi. Mwaka 2006 ikashuka, 2011 ikapanda, 2012 ikashuka tena, na 2018 ikatumbukia mpaka daraja la tatu, mahali ambapo timu za miji mikubwa kama huu hazitegemewi kuonekana. Madeni yalikuwa yameifika shingoni. Mfanyabiashara Yüksel Yıldırım akaichukua mwaka ule, na pole pole ikanyanyuka: 2020 daraja la pili, 2023 ikarudi Ligi Kuu ikiwa bingwa wa daraja la pili. Baada ya kurudi, FIFA iliifungia kusajili wachezaji kwa muda, ikacheza na waliokuwepo, na haikushuka. Msimu uliopita, chini ya kocha Mjerumani Thomas Reis, ikamaliza ya tatu. Nafasi ya tatu ileile ya enzi za Tanju, baada ya miaka 38! Msimu huu wanacheza mpaka mashindano ya Ulaya.

Ningetamani ungekuwepo siku ya mchezo. Napanda tramu huku chuoni, upande wa magharibi, inaambaa na bahari mji mzima mpaka Tekkeköy, mashariki, uwanja mpya uliko. Kila kituo wanaingia wengine wenye rangi tatu, akina baba wamebeba watoto mabegani, wasichana wa sekondari wameviringisha skafu mikononi. Tukipita katikati ya mji nyimbo zinaanza nyuma ya behewa na zinafika mbele kabla ya kituo kinachofuata. Uwanja unabeba watu zaidi ya elfu thelathini, na timu ikishambulia, kelele unazisikia kwenye mbavu. Mimi najibana katikati ya kina mama, nimejifunga mtandio mweusi. Ni mtandio wangu wa siku zote, lakini siku hiyo unakuwa na maana nyingine.

Jezi nimechukua saizi ya kati, najua hupendi ikubane. Ifue kwa maji baridi, usiianike juani, ile nyekundu itapauka. Ukiivaa mazoezini wasichana wako watakuuliza kama ulivyoniuliza mimi. Waambie majina yote matano: Nuri, Muzaffer, Mete, Zoran, Asım. La mwisho si "Asim" kabisa, sauti ya katikati inabanwa kidogo, utaizoea.

Na hili la mwisho nakuomba. Jioni moja Baba akiwa amekaa kibarazani, msomee pale nilipoandika habari za dereva. Msomee pole pole, kisha uniambie alisema nini.

Msalimie Mama, wasalimie wote wa pale Chumbageni. Nitakuja Inshallah baada ya mitihani.

Shoga yako,
Mwanahawa