Trekta lisilojulikana: mwagizaji atuonyeshe vipuri kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo hutusumbua wakulima wa ukanda huu wa kati kila kiangazi, mavuno yakishauzwa na fedha zikiwa bado mkononi. Sisi ni ndugu watano tunaolima kwa pamoja ekari 140 za mahindi na alizeti wilayani Kongwa. Kabla mvua za Desemba hazijaanza tunapaswa kuamua kama tununue trekta jipya la nguvu za farasi 55, la chapa ambayo hapa kijijini hakuna aliyewahi kuiona, au tuchukue Massey Ferguson 290 la zamani, lenye umri unaokaribia miaka 35, ambalo mwenyewe anataka bei ileile ya hilo jipya. Najua hatuko peke yetu, kwani kila nikienda sokoni Kibaigwa nawakuta wenzangu wakibishana juu ya jambo hilohilo.

Ushauri tunaopewa na wazee ni mmoja: nunua Massey. Siubezi, kwa sababu nimeona kwa macho yangu Massey Ferguson 135, aina iliyoundwa kati ya mwaka 1964 na 1975, ikivuta tela la magunia kutoka shambani hadi barabara kuu. Lakini nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani hasa kinachoyaweka matrekta yale hai, na jibu nililolipata ni kwamba chuma chake hakitofautiani sana na cha wengine. Kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilichoyaunda kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na bado ringi, sili, sahani ya klachi na nozeli zake zinapatikana Dodoma mjini siku yoyote ya wiki, kwa kuwa viwanda vya India na Pakistani viliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo na watu wengi wakajifunza kutengeneza vipuri vyake. Aidha, mafundi wetu wengi wamelifahamu trekta hilo tangu wakiwa watoto, wakiwashikia baba zao spana.

Kwa upande mwingine, neno "lisilojulikana" linahitaji kutazamwa vizuri. India ndiyo nchi inayouza matrekta mengi kuliko nyingine yoyote duniani, na zipo chapa ambazo kule kila mtoto wa mkulima anazifahamu ilhali hapa tunaziita za ajabu. Swaraj, kwa mfano, lilianza kuundwa Punjab mwaka 1974. Wakati wa Kilimo Kwanza, kampeni iliyozinduliwa mwaka 2009, SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, walipoleta matrekta ya Farmtrac kutoka India, wengi hapa kwetu waliyatazama kwa mashaka kwa sababu jina lilikuwa geni, na baadhi ya matrekta hayo nayaona yakilima mpaka leo. Kwa hiyo mkulima anayekataa trekta kwa sababu tu hajawahi kulisikia anaweza kuwa amelikataa trekta zuri lenye bei nafuu.

Hata hivyo, mimi na ndugu zangu tuna sababu ya kuogopa. Mwaka 2017 tulinunua trekta jipya la chapa isiyojulikana kutoka kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam, ambaye sitamtaja. Lilifanya kazi vizuri mwaka wa kwanza, na kwa kweli lilikuwa linakula dizeli kidogo kuliko tulivyotarajia. Msimu wa pili, tarehe 19 Desemba, tukiwa tumelima ekari 31 na mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, plau likagoma kunyanyuka. Fundi wetu alitandika gunia chini ya mbuyu, akafungua pampu ya haidroliki, akakitoa kipande kimoja baada ya kingine na kukipanga juu ya gunia kwa utaratibu ili asisahau mahali pake, mpaka akafika kwenye gia ndogo inayotosha kiganjani. Meno manne yalikuwa yamekatika. Akaishika, akaipangusa kwa kitambaa, akaniambia, "Mzee, hii ikiwa ya Massey, ningepanda bodaboda sasa hivi na kesho tungekuwa tunalima."

Nilimpigia wakala siku hiyohiyo. Alinijibu kwa adabu kwamba kipuri hicho hakipo ghalani, na kwamba mzigo ulikuwa njiani melini. Gia ile ilitufikia baada ya siku 47. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kukodi maksai na kupanda kwa kuchelewa, na wanaoijua Kongwa wanaelewa maana ya kupanda mahindi mwishoni mwa Januari. Mashamba yaliyowahi yalitupa magunia 11 kwa ekari, na yaliyochelewa yalitupa 4. Marejesho ya mkopo hayakusubiri meli. Nasema haya bila chuki na yule wakala, kwa kuwa hakuvunja sheria yoyote, na hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Fundi yule alitufundisha jambo ambalo sasa ndilo tunalolitumia kupima kila trekta tunaloonyeshwa. Trekta, alisema, lina vipuri vya aina mbili. Vya kwanza ni vile ambavyo dunia nzima imekubaliana vipimo vyake. Beringi yenye namba 6206 ina tundu la milimita 30, kipenyo cha nje milimita 62 na unene milimita 16, iwe imetoka kiwanda gani, na hivyo huna haja ya kuitafuta kwa jina la trekta. Unamtajia muuza duka namba iliyopigwa ubavuni. Sili nyingi, fani belti na boliti ziko vivyo hivyo. Vya pili ni vile alivyojibunia mwenye kiwanda mwenyewe, kama vile gia za gia boksi, gia za pampu ya haidroliki, sahani ya klachi na krenkishafti, na hivi vikikatika hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana swali la kwanza analotakiwa kuuliza mnunuzi wa chapa ngeni ni injini iliyo ndani yake ni ya nani, kwa sababu wapo waundaji wadogo wanaofunga injini zinazofahamika, kama zile za kampuni ya Perkins ya Uingereza au zilizofuata usanifu wake, na trekta la namna hiyo nusu yake tayari ina vipuri mjini. Swali la pili ni pampu ya haidroliki. Mengine, pamoja na rangi, taa na kiti chenye springi, yanaweza kungoja.

Kuna kosa jingine ambalo nimewaona wenzangu wakilifanya, nalo ni kusoma nguvu za farasi kwenye karatasi na kusahau uzito. Udongo wetu ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Trekta jepesi, hata likiwa na farasi 55, likifungwa plau la diski tatu hapa litazungusha magurudumu bila kusogea na kumaliza matairi. Muuzaji akubali kulileta shambani, lilime ekari moja mbele ya mnunuzi, au biashara iishie hapo.

Wilaya yetu ilikwisha kulipia somo hili kabla sisi hatujazaliwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha hapa Kongwa ule mpango mkubwa wa karanga, wakiwa na nia ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Walileta matrekta mengi yaliyobaki vitani, yakiwemo yaliyotoka Ufilipino, na wakageuza hata vifaru vya kivita vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mizizi ya vichaka na udongo wetu viliyavunja, na karakana zikajaa mashine za aina nyingi zisizo na vipuri. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, mvua ikiwa mojawapo, lakini mpango ulipoachwa mwaka 1951 hakuna aliyeweza kusema kwamba tatizo la matrekta lilikuwa dogo.

Wapo waliolitatua tatizo hili kwa sheria. Katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, mkulima aliyekuwa pia mbunge wa jimbo, Wilmot Crozier, alinunua trekta lililoitwa Ford, ambalo halikuwa na uhusiano wowote na Henry Ford. Kampuni moja ya Minneapolis ilikuwa imelitumia tu jina hilo. Trekta lilimtesa, alilonunua baada yake nalo likamtesa, na mwaka 1919 akasimamia kupitishwa kwa sheria inayotaka kila aina ya trekta linalouzwa jimboni ipimwe kwanza na chuo kikuu, na kampuni iweke huduma na vipuri vya kutosha ndani ya jimbo. Vipimo vilianza mwaka 1920. Wakulima wa Nebraska wakati ule walikuwa katika hali kama yetu ya leo, wakizungukwa na chapa nyingi mpya zisizo na historia.

Sisi hatuhitaji kuanza upya. Tunacho CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981, chenye makao yake Arusha, na kupima zana za kilimo ni sehemu ya kazi yake. Ninachoomba kwa Wizara ya Kilimo ni kwamba matokeo ya vipimo vya kila aina ya trekta yawekwe wazi kwa Kiswahili, yabandikwe hata katika ofisi ya kata, na kwamba mwagizaji asiruhusiwe kuuza mpaka aonyeshe ghala lenye vipuri vile vya aina ya pili na ajifunge kuviweka kwa miaka isiyopungua 10. Sharti hilo liwahusu hata wenye majina makubwa. Ursus la Poland, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1893, ambayo matrekta yake yaliunganishwa Kibaha, ilitangazwa muflisi mwaka 2021, na mwenye trekta kama hilo ana haki ya kujua vipuri vyake vitatoka wapi muundaji asipokuwepo.

Benki nazo zinaweza kusaidia bila kungoja sheria. Afisa mikopo anayekagua hati ya shamba langu kwa siku tatu anaweza kutumia siku moja kukagua ghala la vipuri la yule anayeniuzia trekta, maana trekta lililosimama haliwezi kulipa mkopo wake.

Kuhusu uamuzi wetu wenyewe, kaka yangu mkubwa bado anataka lile 290, na mdogo wetu wa mwisho analitaka jipya. Tumekubaliana kwenda Dodoma Jumamosi ijayo pamoja na fundi wetu. Atamwomba muuzaji amtolee mezani gia za pampu ya haidroliki, sahani ya klachi na seti moja ya ringi za trekta analotuuzia, na ataipima kila moja kwa kalipa yake, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo. Vikiwepo vyote vitatu, na trekta likija kulima ekari yetu moja ya majaribio, tutatoa fedha. Kikikosekana hata kimoja, tutapitia kwa mwenye 290 wakati wa kurudi.

Mkulima wa mahindi na alizeti,
Kongwa, Dodoma.