Asante dada wa steshenari pale Mbezi

Dada yangu jina lako sikuliuliza ila nakushukuru sana tena sana. Mdogo wangu alishang'ang'ania chuo kimoja cha afya kisa majengo mazuri, we ukamfungulia mwongozo wa udahili wa NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, ukamwambia tuanze na usajili wa chuo kwanza, halafu sifa za kozi, kemia baiolojia na fizikia umefaulu? ndo tuje kwenye ada na hosteli, na hospitali ya kufanyia mazoezi iko wapi, maana utabibu haufundishwi ubaoni tu jamani. Foleni ya watu wa kuprinti ilikuwa ndefu na bado ukamsikiliza anataka kuwa nani. Saivi anasoma Mbeya, ada tunaimudu. Mungu akubariki wewe na watoto wako.