YAH: BOKSI LA TELEVISHENI KUKATAA INTANETI YA WAYA BAADA YA APDETI YENU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Boksi lenu nimelitumia mwaka mzima na ushei bila kuwasumbua. Lilikaa chini ya televisheni, likapata intaneti kwa waya kutoka kwenye ruta iliyo chumba cha pili, nami nikasahau kabisa kwamba lipo. Kisha usiku mmoja likajisasisha lenyewe, bila kuniuliza, likazima na kuwaka. Tangu asubuhi yake linaniandikia kwamba hakuna muunganisho. Leo ni siku ya 19.

Nimewapigia simu mara 4. Mara zote 4 nimeambiwa nizime ruta, nihesabu hadi 30, niwashe. Nimeizima na kuiwasha mpaka watu wa nyumbani wakiniona naisogelea wanauliza, "Umeongea nao tena?" Mhudumu wa 3 alinitaka nilirudishe boksi katika hali ya kiwandani. Nikamtii. Nikapoteza programu zote, nikaingiza upya kila nywila herufi moja moja kwa rimoti, na tatizo likabaki palepale. Wa 4 alimaliza mjadala kwa maneno mawili: "Tumia waifai." Ndipo nikaamua kuandika, maana kwenye simu kila anayepokea huanza na mimi upya, kana kwamba sijawahi kupiga.

Nilianza na kebo, kama mtu yeyote angeanza. Niliichomoa kwenye boksi nikaichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikapata anwani papo hapo, yaani nambari ambayo ruta hukipa kila kifaa kinachojiunga, na kasi niliyoipima ilizidi megabiti 90 kwa sekunde. Huduma nyingi za filamu huomba megabiti 15 hadi 25 tu kwa picha ya 4K, kwa hiyo hapo hapakuwa na upungufu. Hata hivyo sikuridhika. Nililibeba boksi hadi kando ya ruta, nikatumia kebo nyingine mpya ya mita 2, nikabadilisha na poti ya ruta, yaani tundu la kuchomekea waya. Hali ileile.

Nikafungua ukurasa wa mtandao kwenye boksi. Anwani ya IP iliyoonekana ilianza na 169.254. Mhudumu wenu aliposikia nambari hizo alisema, "Basi anwani ipo, umeunganishwa." Nilikosa la kumjibu. Anwani ya namna hiyo kifaa hujitungia chenyewe kikishaomba na kukosa jibu. Boksi lilibisha hodi kwa ruta, halikusikia karibu, likajiandikia anwani lenyewe barazani. Kwamba mtu wa huduma ya wateja halijui hili, mimi naliona ni kosa la waliompa kazi bila kumfundisha, wala simlaumu yeye.

Basi nikaweka anwani kwa mkono: 192.168.1.50, kinyago (nambari inayoonyesha ukubwa wa mtandao wa nyumbani) 255.255.255.0, lango (ruta yenyewe) 192.168.1.1, na DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa nambari) ya 8.8.8.8. Picha ikaja! Ikadumu dakika 11, ikakatika. Safari hii nilikuwa nimekaa mbele ya ruta naiangalia taa ya poti, na nikaiona ikizimika, ikawaka, ikazimika tena. Hicho ndicho kiini cha barua hii. Taa ile haijali anwani, nywila wala akaunti. Huwaka pale vifaa viwili vinaposikilizana kwenye waya, na huzimika vinapoachana. Ikizimika kila baada ya dakika chache, ombi la anwani nalo hupotea njiani, na hapo ndipo 169.254 inapotokea.

Kilichonifungua macho ni swichi kuukuu ya mtandao, kile kiboksi cha kugawa intaneti ya waya, ya poti 5 na megabiti 100 kwa sekunde, iliyokuwa imelala kwenye droo. Niliiweka katikati ya boksi na ruta, nikafuta zile nambari nilizoziandika kwa mkono, nikasubiri. Taa ikatulia. Boksi likapata anwani halali lenyewe na kuonyesha filamu siku 2 mfululizo bila kukatika. Nikaitoa swichi, taa ikaanza vituko vyake. Nikairudisha, ikatulia. Nimerudia hivyo mara 5.

Tafadhali lifikirieni jambo hilo. Poti ya boksi ingekuwa imekufa, swichi isingeifufua. Kebo ingekuwa mbovu, kompyuta ingelalamika. Ruta ingekuwa na kasoro, vifaa vyangu vingine vya waya visingekuwa vinafanya kazi hadi leo. Kinachobaki ni namna boksi linavyopatana na ruta moja kwa moja, kuhusu kasi au kuhusu ule utaratibu wa kupunguza umeme waya unapokuwa hauna kazi, ulioingizwa katika viwango vya Ethernet, yaani mtandao wa waya, mwaka 2010 kwa jina la 802.3az. Swichi yangu ni ya zamani, haina utaratibu huo, na pengine ndiyo maana inaelewana na boksi. Kabla ya apdeti boksi na ruta vilipatana vizuri. Mimi sikugusa kitu, ninyi ndio mliogusa.

Kuhusu waifai: kwenye boksi inafanya kazi, ndiyo. Lakini masafa ya 2.4 GHz yana chaneli 3 tu zisizoingiliana, na majirani wote tumebanana humo. Ikifika jioni picha inaganda katikati ya sentensi. Nilivuta waya ukutani ili niepukane na adha hiyo, na poti ya waya imechorwa kwenye katoni yenu kama moja ya sababu za kununua boksi hili. Wala msiniambie nibaki na swichi. Nayo inataka soketi yake, na mteja asiye na swichi kuukuu kwenye droo afanye nini?

Ninachoomba si kikubwa. Barua hii ifikishwe kwa watu wanaotengeneza programu ya boksi, pamoja na picha nilizoambatisha za toleo la mfumo, ukurasa wa mtandao na taa za ruta. Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14 kama kuna apdeti ya kurekebisha hili, au kama naweza kurudishiwa toleo la awali. Mkishindwa yote mawili, nibadilishieni boksi au nirudishieni fedha. Na huko mbele, boksi liniulize kabla ya kujisasisha.

Niko tayari kufanya jaribio lolote ambalo mafundi wenu watalitaka, mradi lisiwe la kuzima ruta na kuhesabu hadi 30.

Wenu,
Mteja