Kukataza chaki ukumbini hakulindi sakafu

Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie masharti yanayowekwa na wenye kumbi pindi mashindano ya pawalifti, yaani mchezo wa kunyanyua vyuma vizito kwa minyanyuo mitatu, yanapoandaliwa hapa Nairobi, kwa kuwa baadhi yake yanawaumiza wanamichezo bila hata kuilinda sakafu inayokusudiwa kulindwa.

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanafunzi wangu, msichana wa Kayole anayeshindana katika uzani wa kilo 63, kwenye mashindano yaliyofanyika katika ukumbi mmoja wa mtaa huku Eastlands. Tulipofika kwenye meza ya ukaguzi wa vifaa, ada ikiwa imeshalipwa zamani, ndipo tulipoelezwa kwamba msimamizi wa ukumbi amepiga marufuku chaki, ule unga mweupe wa kukausha viganja ili chuma kisiteleze. Fomu ya kujiandikisha haikuwa imelitaja jambo hilo hata kwa neno moja. Msichana alichuchumaa vizuri na chuma mabegani, akasukuma vizuri kwenye benchi, lakini ilipofika zamu ya kuinua chuma kutoka sakafuni viganja vilikuwa vimelowa jasho, na chuma kikamponyoka mara tatu. Anayeshindwa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja hupoteza jumla yake yote, yaani uzito wa minyanyuo yote mitatu ukijumlishwa, na hivyo ndivyo mazoezi ya miezi mingi yalivyopotea.

Sisemi kwamba msimamizi hana hoja. Ukumbi ule hutumika kwa harusi, ibada na mikutano ya vyama, na unga mweupe ukishakanyagwa huku na huku si rahisi kuuondoa. Hata hivyo, hofu yake kubwa, kama alivyonieleza mwenyewe kwa upole, ni vyuma kuangushwa na kupasua sakafu, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoundwa mwaka wa 1972, zinamtaka mshindani akishushe chuma kwa mikono yote miwili mpaka kitue chini. Akikiachilia mapema, waamuzi humwashia taa nyekundu, yaani jaribio hilo halihesabiwi. Kuangusha vyuma, basi, kumekatazwa na mchezo wenyewe. Kanuni hizohizo zinaruhusu chaki, lakini haziruhusu glavu wala kamba za kufungia viganja kwenye chuma, kwa hiyo aliyenyimwa chaki hawezi kukimbilia vifaa hivyo ili kukaza mshiko wake. Vishindo vitatu vilivyomshtua msimamizi siku ile vilitokana na mikono iliyoteleza, yaani vililetwa na sharti lake mwenyewe.

Lipo suluhisho lisilo na gharama kubwa. Bakuli moja la chaki liwekwe juu ya turubai kando ya jukwaa, na kila mshindani apake hapo tu. Jukwaa, ambalo kikanuni huwa na kati ya mita 2.5 na mita 4 kila upande, lijengwe kwa plaiwudi nzito yenye mikeka ya mpira chini yake, nao waandaaji waweke amana ya usafi ambayo watarudishiwa ukumbi ukikabidhiwa safi.

Kuhusu mishipi ambayo wanyanyuaji hujifunga kiunoni nitasema kidogo. Kanuni zinaweka kikomo cha upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 13, nami naviunga mkono vipimo hivyo, kama ninavyounga mkono kikomo cha milimita 7 kwa vikinga-goti, maana mpira mzito kupita kiasi humsaidia mtu kuinuka. Lakini kwenye meza ileile kijana mmoja alikataliwa mshipi wa ngozi alioshonewa na fundi wa Kariokor, ulio ndani ya vipimo, kwa sababu tu hauna nembo ya kampuni iliyoidhinishwa. Katika mashindano ya dunia orodha ya kampuni ifuatwe. Katika shindano la mtaa, tepu ya kupimia inatosha.

Ninawaomba waandaaji waandike masharti yote ya ukumbi na ya vifaa kwenye tangazo la kwanza kabisa, kabla hawajapokea shilingi ya mtu yeyote. Mwanafunzi wangu anataka kushiriki shindano lijalo. Tumewaandikia wahusika kuwauliza kuhusu chaki, na hatutalipa ada mpaka watujibu.

Mkufunzi wa pawalifti,
Umoja, Nairobi